Si Kila Tundu kwenye Jani ni Njaa ya Potasiamu

Juma hili nimeletewa tena picha ya jani lenye tundu, la mmea uliopandwa ndani ya tangi la samaki, pamoja na swali lile lile: niongeze potasiamu kiasi gani? Jani lenyewe lilikuwa changa, la juu kabisa kwenye shina, na kingo za tundu zilikuwa kijani kibichi hadi ukingoni. Jani hilo lilitafunwa. Mmulike mlaji kwa tochi usiku, wala usiguse mbolea.

Potasiamu husafiri ndani ya mmea. Ikipungua majini, mmea huinyang'anya majani makongwe na kuyapa machipukizi, na ndiyo maana dalili za kweli huanzia chini ya shina. Kwenye haigrofila, mmea unaoonyesha njaa hii mapema, hutokea kwanza kitone cha kahawia kisichozidi kichwa cha pini. Kisha pete ya njano hukizunguka, na mwishowe katikati hufa na kudondoka. Tundu, basi, ni hatua ya mwisho, na anayesubiri kuliona amechelewa. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, tafuta chuma kwanza. Nayo madoa ya kahawia yaliyojipanga mgongoni mwa jani la feni ya Java (mmea wa majini, "Java fern" kwa Kiingereza) ni vifuko vya spora, yaani chembe ambazo mmea huo huzaliana kwazo, na inaniuma kila nikiona mtu amekata majani mazima yenye afya kwa sababu yake.

Chakula cha samaki huleta nitrojeni na fosforasi kwa wingi kuliko potasiamu, kwa hiyo upungufu upo, sikatai. Lakini usitie majivu ya jikoni. Potasiamu imo humo, ila kwa sehemu kubwa ni kaboneti, ambayo hupandisha ghafla pH (kipimo cha asidi ya maji; ikipanda, asidi imepungua), na pH ikipanda, amoniamu iliyokuwa imetulia hugeuka amonia inayounguza mashavu ya samaki. Maganda ya ndizi nayo huoza na kula oksijeni.

Tumia salfeti ya potasiamu: gramu 2.2 katika lita 100 huongeza takriban miligramu 10 za potasiamu kwa lita. Ukibadilisha nusu ya maji kila wiki kisha ukarudia dozi hiyo, kiwango kinachotokana na dozi hakitapita miligramu 20, hata mimea isipokula chochote. Wengi tunalenga kati ya 10 na 30, nami hufanya hivyo, ingawa nakiri kwamba nimekuza mimea mizuri chini ya 10, na kwamba vipimo vya nyumbani, ambavyo husomwa kwa ukungu wa maji ndani ya kichupa, vimenipa majibu mawili kwa maji ya ndoo moja. Mimi nayaamini zaidi majani.

Jani lililotoboka halizibiki. Likate, weka dozi, kisha baada ya wiki tatu kagua majani yaliyokuwa machanga siku ulipoanza.