Wati 500 za kibandiko si wati 500 za kadi ya michoro

Wengi wanaonunua kompyuta za mezani zilizotumika hapa Unguja, kisha wakataka kuongeza kadi ya michoro, huamini kuwa namba kubwa ya wati iliyoandikwa kwenye pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ndiyo inayoamua kila kitu. Sivyo. Kadi hiyo huchukua karibu umeme wake wote katika njia ya volti 12, kwa hiyo kinachopaswa kusomwa ni safu ndogo ya ampea iliyo chini ya namba hiyo. Pawasaplai moja niliyoishika Darajani ilikuwa na "500" kwa wino mwekundu, lakini safu ya volti 12 ilionyesha ampea 18. Ukizidisha unapata wati 216 tu, na humo humo prosesa nayo inataka fungu lake.

Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75. Ndiyo maana kadi ya GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019, ambayo matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada, aghalabu huzifaa kompyuta za ofisi zenye pawasaplai ndogo. Kadi yenye tundu la waya wa ziada wa pini 6 huomba hadi wati 75 zaidi, na ya pini 8 hadi 150.

Tafadhali msiziunganishe kadi hizo kwa vigeuzi vya SATA, yaani vinavyochukua umeme kwenye waya uliokusudiwa diski. Kichwa cha SATA kimekadiriwa ampea 4.5 katika volti 12, yaani wati 54. Nimekiona kimoja kimeyeyuka na kugandamana na waya wake, ilhali fyuzi ya plagi ilikuwa nzima.