“Kipande ni kidogo, zungusha polepole”: dhana potofu za kukereza vipuri vya modeli

Keekee ya 0.5 mm ikikatikia ndani ya kitovu cha rimu, utetezi ni uleule kila mara: “Lakini nilikuwa nazungusha polepole kabisa!” Hilo ndilo lililoivunja. Wanaotengeneza modeli za magari ya mashindano kwa mkono wanaambizana dhana hii kwa nia njema, na hakuna nyingine inayoharibu kazi nyingi kama hii. Kwa hiyo itapewa nafasi kubwa hapa.

Dhana: Kitu kidogo kinataka mzunguko mdogo na mkato mwembamba

Ukweli ni kinyume chake. Kisu hakijali spindo (mhimili wa mashine unaozungusha kazi) inazunguka mara ngapi. Kinajali chuma kinapita mbele yake kwa mwendo gani. Chukua mita unazotaka kwa dakika, zidisha kwa 1,000, kisha gawa kwa 3.14 mara kipenyo cha kazi kwa milimita. Rimu ya inchi 13 ina kipenyo cha 330 mm, hivyo kwenye modeli ya skeli ya 1/12, yaani ndogo mara 12 kuliko gari halisi, inakuwa 27.5 mm. Ukiikereza kwa alumini kwa mwendo wa mita 90, unahitaji mizunguko kama 1,040 kwa dakika. Nati ya shaba njano yenye kipenyo cha 2 mm, kwa mita 60, inadai mizunguko 9,500. Keekee ya 0.5 mm, kwa mita 30 tu, inadai 19,000. Lethi (mashine za kukereza) nyingi za mezani hazifiki hata nusu ya hapo. Sasa mtu aiweke kwenye 800 “kwa usalama”, na nati yake ya 2 mm inapita mbele ya kisu kwa mita 5 kwa dakika. Hapo chuma hakikatwi, kinachanwa, na vimeno vinabaki ukingoni.

Kwa keekee hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mkono wako haubadilishi tabia. Ukiisukuma 1 mm kwa sekunde, mwendo ambao mkono unauhisi kuwa wa upole, basi kwenye mizunguko 800 kila mzunguko unaidai ile keekee ya 0.5 mm ing'oe 0.075 mm. Kwenye 10,000 inadaiwa 0.006 mm, kiasi inachokiweza. Mkono ni uleule, na mzigo umepungua zaidi ya mara kumi. Ikiwa mashine yako inaishia 2,500, iweke hapohapo kwenye 2,500, kisha punguza mwendo wa kusukuma. Anza na keekee fupi ngumu ya kuweka alama ya kati, ingiza nusu ya kipenyo kwa wakati mmoja, toa, safisha maranda, rudi. Maranda yakijaa kwenye mifereji ya keekee, hakuna upole utakaoiokoa. Na zile keekee za kabaidi (madini magumu sana lakini yanayovunjika kirahisi) za bodi za elektroniki, zenye mkia wa 3.175 mm, zitumie kwenye mashine iliyonyooka tu. Ukizifunga kwenye drili ya kushika mkononi zitakatika kwa mtikisiko mdogo. Kwa kazi hiyo HSS, chuma kigumu cha kawaida cha keekee, huvumilia zaidi.

Nusu ya pili ya dhana, ya kukata unyoya kwa unyoya, ina hasara yake. Kila ukingo wa kisu, hata uliosuguliwa vizuri, una mviringo mdogo kabisa kwenye ncha. Mkato ukiwa mwembamba kuliko mviringo huo, kisu kinasugua juu ya chuma bila kuingia. Kipande kinasukumwa pembeni, kipimo hakibadiliki, unaongeza 0.01, bado hakibadiliki, unaongeza tena, halafu ghafla kisu kinazama na kula 0.04 kwa mkupuo. Chuma kisichoshika kutu huwa kigumu zaidi kila kinaposuguliwa, kwa hiyo mkato unaofuata unakutana na ngozi iliyokomaa. Vipande vingi vya kabaidi vya kiwandani vimeviringwa ukingo makusudi ili visimeguke. Kwa kazi hii noa kisu chako mwenyewe cha HSS, ncha yenye mviringo wa 0.1 mm, ukimalizie kwenye jiwe laini mpaka ukingo usionyeshe mng'ao wowote chini ya kioo cha kukuzia.

Njia ya kufikia kipimo ni hii: acha 0.2 mm kwenye kipenyo, kisha ondoa kwa mikato miwili iliyo sawa. Baada ya wa kwanza, pima. Kipande kimepinda kiasi gani mbele ya kisu sasa unakijua, na mkato wa pili, ukiwa na kina kilekile, utapinda vilevile. Ukimalizia kwa mkato tofauti na ule uliopimia, unabahatisha.

Na kupinda kwenyewe hakutokani na mzunguko. Ukiacha kipande kitokeze mara mbili zaidi nje ya koleti (kishikio chembamba kinachobana kipande pande zote), kinapinda mara nane zaidi. Ukipunguza kipenyo nusu, mara kumi na sita. Ndiyo maana kijiti cha amotisa cha 1 mm hakikerezwi kwa kupitisha kisu mara kumi kutoka mwanzo hadi mwisho. Chukua fimbo ya 3 mm, ishuke hadi 1 mm kwa mkato mmoja wa kina kamili, ukianzia nchani. Nyuma ya kisu daima kuna 3 mm ya chuma kinachobeba mzigo. Ukiona jambo hili linatisha, jaribu kwenye shaba njano kwanza.

Polepole kuna mahali pake: kuchonga hesi (M1 na M1.4, yaani hesi za 1 mm na 1.4 mm, zungusha kwa mkono, mashine imezimwa), na visu vipana vya umbo vinavyogusa chuma kwa upana wote. Hapo mzunguko mkubwa huleta mtetemo.

Dhana: Gawa kila kipimo kwa skeli, basi

Bati la 1.5 mm kwenye 1/24 linakuwa 0.06 mm, yaani karatasi ya kufungia chakula. Bolti ya M6 ina kichwa cha 10 mm; kwenye 1/20 kichwa ni 0.5 mm na hesi yake haina maana. Chonga kichwa kwa skeli, mkia usiwe na hesi, gundisha. Panapobeba mzigo kweli, ficha M1 ndani, tundu la 0.75 mm. Gawa kinachoonekana, na kinachoshikilia kipe unene wake.

Kumbuka pia rangi. Praima, rangi na vanishi huongeza kwa urahisi 0.1 mm kila upande, na rimu iliyoingia vizuri kabla ya kupakwa haitaingia tena.

Dhana: Kalipa inaonyesha 0.01, kwa hiyo kazi ni sahihi hadi 0.01

Tarakimu ya mwisho ni uwezo wa skrini. Kalipa ya kawaida ya dijitali huruhusiwa kukosea 0.02 hadi 0.03. Kwa ekseli inayoingia kwenye beringi tumia maikromita.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye kishikio cha taya tatu, ambacho kukosa kati kwa 0.05 mm ni kawaida. Ukitoa kipande na kukirudisha, umeharibu kati. Tarumbeta za hewa za injini (mirija ya kuingizia hewa), kwa mfano zile nane za Cosworth DFV, injini ya mashindano ya 1967, zimalize bila kufungua: toboa, chonga ndani, kisha nje, kata mwisho. Ndani hutangulia kwa sababu ukuta wa 0.2 mm hauwezi kustahimili kisu ukishabaki peke yake.

Dhana: Msasa utafuta makosa

Msasa hula ukingo kabla ya kula bonde. Diski ya breki iliyosuguliwa sana inafanana na sarafu ya zamani. Ukiona chunusi katikati ya uso uliokerezwa, urefu wa kisu si sahihi: kikiwa chini kwa 0.1 mm, chunusi ni 0.2 mm. Bana rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na fimbo ya mviringo. Ikiegemea kwako, kisu kiko chini. Ikiegemea mbali nawe, kiko juu.

Dhana: Alumini yote ni moja

Ile laini ya madirisha hugandamana na kisu. Tafuta aina ya 6061, au 7075 kwa vipande vyembamba, na tia tone la mafuta ya taa. Shaba njano kata kavu, na keekee ya 1.5 mm kwenda juu ipunguze makali ya mdomo kwa jiwe, la sivyo itajivuta yenyewe ndani.

Dhana: Vaa glavu

Kwenye lethi, kamwe. Spindo ikishika uzi mmoja wa glavu inavuta kidole kizima. Vaa miwani, kunja mikono ya shati, na maranda yaondoe kwa brashi, mashine ikiwa imesimama.