Je, wajua? Mthai wa kawaida huweka akiba, lakini akiba yake haikai

Kila mwaka, wiki chache kabla ya shule za Thailand kufunguliwa katikati ya mwezi Mei, maduka ya rehani nchini humo hujaa wazazi. Anayekuja na mkufu wa dhahabu huuvua shingoni, hupimiwa, huandikiwa stakabadhi na kuondoka na fedha za sare, viatu na ada. Jambo hili linajulikana kiasi kwamba maduka ya rehani ya umma, yaliyoanzishwa na serikali mwaka 1955, hutenga mapema fedha za kutosha kwa ajili ya msimu huo. Mavuno yakipatikana, au mtoto aliyeko Bangkok akituma fedha, mkufu hukombolewa na kurudi shingoni, mpaka Mei nyingine.

Je, mzazi huyo ana akiba au hana? Ukiuliza benki, itakujibu kwamba hana, kwa kuwa akaunti yake ni tupu. Ukimuuliza yeye mwenyewe, ataugusa mkufu. Swali la iwapo Wathai wa kawaida wanamudu kuweka akiba haliwezi kujibiwa sawasawa bila kusikiliza majibu haya mawili kwa pamoja, na kwa maoni yangu wengi wanaolijibu husikiliza la benki peke yake.

Tuanze na hesabu ya mshahara, maana hapo ndipo panapobana. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara jijini Bangkok ni baht 400 kwa siku, yaani takriban dola 12 za Marekani, na katika mikoa mingi mingine ni chini ya hapo. Mfanyakazi wa kiwandani anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi hupata baht 10,400, na baada ya kukatwa asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii hubakiwa na 9,880. Chumba cha kawaida pembezoni mwa jiji, pamoja na maji na umeme, hakiwezi kumgharimu chini sana ya baht 3,500. Sahani ya wali na nyama iliyokaangwa kwa pilipili na majani ya mrehani, ambayo ndiyo chakula cha kila mtu, huuzwa baht 50 hadi 60 barabarani, na anayekula sahani tatu kama hiyo kila siku humaliza si chini ya baht 4,500 kwa mwezi. Kinachosalia hakifiki baht 2,000, na bado hajapanda basi, hajaweka vocha ya simu, wala hajawatumia wazazi wake kijijini. Mtu huyu akiweza kuweka hata baht 200 kwa mwezi, amefanya kazi kubwa kuliko tajiri anayeweka 20,000.

Si kila Mthai anaishi kwa kima cha chini, bila shaka. Uchunguzi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Thailand wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kaya hupata kwa wastani takriban baht 29,000 kwa mwezi na kutumia karibu 24,000. Ukisoma takwimu hiyo haraka utasema kwamba kaya ya wastani ina baht 5,000 za kuweka. Lakini wastani huchanganya kaya za Bangkok, zenye watu wawili walioajiriwa, na kaya za Isan, eneo la kaskazini-mashariki, ambako mkulima wa mpunga asiye na maji ya umwagiliaji huvuna mara moja tu kwa mwaka, kati ya Novemba na Desemba. Vilevile karibu nusu ya kaya zote nchini zina madeni. Deni likigawanywa kwa kaya zote, zenye kudaiwa na zisizodaiwa, wastani wake unakaribia baht 200,000. Kwa hiyo kaya zinazodaiwa hasa hubeba kama maradufu ya kiasi hicho. Zile baht 5,000 zinazoonekana kubaki tayari zina mwenyewe.

Hapa ndipo Thailand inapojulikana vibaya miongoni mwa wachumi: madeni ya kaya yanakaribia asilimia 90 ya pato la taifa, na wakati wa janga la korona yalivuka kiwango hicho. Baadhi ya madeni yalisukumwa na sera. Mwaka 2001 serikali ya Thaksin Shinawatra ilianza kugawa baht milioni 1 kwa kila kijiji ili wanakijiji wakopeshane, na vijiji vilivyofikiwa ni zaidi ya 70,000. Miaka kumi baadaye serikali ya dada yake, Yingluck, ilimrudishia kodi ya hadi baht 100,000 kila mtu aliyenunua gari lake la kwanza, na zaidi ya magari milioni moja yalinunuliwa, mengi kwa malipo ya miezi na miezi. Kijana aliyekuwa na nafasi ya kuweka akiba akajikuta anailipia gari.

Nje ya benki kuna mikopo ambayo Mtanzania angeiita kausha damu. Sheria ya Thailand hairuhusu riba ya zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka kati ya mtu na mtu, lakini wakopeshaji wa mitaani hutoza hata asilimia 20 kwa mwezi. Utaratibu mmoja ulioenea ni huu: unakopa baht 10,000 na kurudisha 500 kila siku kwa siku 24, hivyo unalipa 12,000 kabla mwezi haujaisha. Wanaokuja kukusanya hupita kwa pikipiki bila kuvua helmeti, na ndiyo maana huitwa genge la helmeti. Wateja wao wakubwa ni wachuuzi, ambao benki haiwakopeshi kwa kuwa hawana hati ya mshahara. Tatizo lilikuwa kubwa hata mnamo Novemba 2023 serikali ya Srettha Thavisin ikatangaza madeni yasiyo rasmi kuwa ajenda ya taifa.

Hebu tazama hesabu ya mchuuzi huyo kwa makini. Mtu anayeweza kutoa baht 500 kila siku kwa siku 24 mfululizo si mtu asiyeweza kuweka akiba. Nidhamu anayo, na kiasi anacho. Tofauti ni kwamba fedha zinatoka kwa kuwa mtu mwenye helmeti anazifuata, ilhali akiba haina anayeifuata.

Labda ndiyo sababu Wathai wamebuni njia nyingi za kujilazimisha. Inayoshabihiana zaidi na ya kwetu ni ile waiitayo *len chae*, yaani kucheza hisa, ambayo ni upatu kwa kila hali: watu wanachanga kwa mzunguko, mmoja mmoja anachukua, na yupo msimamizi, *thao chae*, anayefanya kazi ya kijumbe. Inapendeza kwamba Kithai na Kiswahili, bila kuambizana, vyote vinasema upatu "huchezwa". Ipo tofauti moja: katika aina iliyoenea ya upatu wa Kithai, anayehitaji fedha mapema hushindana na wenzake kwa kutaja riba atakayolipa, na anayetaja kubwa ndiye anayechukua. Hivyo mwenye shida anakopa, na mwenye subira anaweka akiba na kupata faida, wote ndani ya mchezo mmoja. Sheria ya mwaka 1991 inauruhusu mchezo huo kwa masharti: msimamizi asiendeshe zaidi ya mizunguko mitatu, washiriki wote wasizidi 30, na fungu lisizidi baht 300,000. Masharti hayo hayakutoka hewani. Katika miaka ya 1970 na 1980 mwanamke aitwaye Chamoy Thipyaso alikusanya fedha za maelfu ya watu kwa ahadi ya faida ya biashara ya mafuta, na mwaka 1989 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 141,078, ingawa alikaa gerezani miaka michache tu.

Kisha kuna dhahabu, ambayo naiona kuwa ndiyo benki halisi ya watu wa kawaida. Mtaa wa Yaowarat jijini Bangkok umejaa maduka ya dhahabu yenye kuta nyekundu, lakini hakuna mji mdogo wa wilaya usio na lake. Dhahabu ya Kithai ina usafi wa asilimia 96.5 na hupimwa kwa uzani unaoitwa baht, kama jina la fedha yenyewe. Baht moja ya dhahabu ni takriban gramu 15, na robo yake huitwa *salueng*. Bei ya kununua na ya kuuza hutangazwa na chama cha wafanyabiashara wa dhahabu na kufuatwa nchi nzima, kwa hiyo mwanamke aliyenunua mkufu wa *salueng* moja kusini anaweza kuuuza kaskazini bila kuogopa kupunjwa sana. Mwanzoni mwa mwaka 2020 baht moja ya dhahabu iliuzwa kama 22,000. Mwaka 2025 ilivuka 50,000. Akaunti ya kawaida ya benki, ambayo kwa miaka mingi imelipa riba isiyofika hata asilimia 1, haikuwa na jibu. Mama wa kijijini aliyeambiwa kwamba hajui mambo ya fedha alikuwa amewashinda walioweka benki.

Dhahabu pia huingia kwenye rehani upesi, kwa riba ambayo sheria haiiruhusu kuzidi asilimia 2 kwa mwezi. Huo ni wema wake na ndio udhaifu wake: akiba inayoweza kugeuzwa fedha kwa dakika kumi haiwezi kungoja miaka thelathini.

Nani basi anayehitaji kungoja miaka thelathini? Hapa inafaa kuitendea haki serikali, kwa kuwa kuna jambo moja kubwa ambalo Mthai halazimiki kuliwekea akiba, nalo ni ugonjwa. Tangu mwaka 2002 kila raia asiye na bima nyingine anatibiwa chini ya mpango uliojulikana kama wa baht 30, kwa kuwa ndicho kiasi alichotakiwa kulipa kila aendapo hospitali. Familia nyingi za nchi nyingine huuza shamba ili kumtibu mgonjwa; mkulima wa Isan amepunguziwa mzigo huo. Hata mazishi yana mpango wake: vyama vya kusaidiana kuchoma maiti, vinavyoitwa *chapanakit*, humchangisha kila mwanachama kiasi kidogo mwenzake anapofariki, na familia ya marehemu hukabidhiwa fungu.

Uzee ndio uliobaki bila mwenyewe. Posho ya wazee ni baht 600 kwa mwezi kwa mwenye miaka 60 hadi 69, kisha hupanda hatua kwa hatua mpaka 1,000 kwa aliyefikisha miaka 90. Baht 600 ni sahani kumi au kumi na mbili za wali. Aliyeajiriwa kiwandani na kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii kwa miaka 15 hupata pensheni ya asilimia 20 ya mshahara unaohesabiwa, na kwa kuwa mshahara huo uliwekewa ukomo wa baht 15,000 kwa miaka mingi, pensheni yake ilikuwa baht 3,000 kwa mwezi. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote, takriban watu milioni 20, wako katika sekta isiyo rasmi na wengi wao hawana hata hiyo. Kwa ajili yao serikali ilifungua Mfuko wa Taifa wa Akiba mwaka 2015: mtu huweka kuanzia baht 50, serikali huongeza sehemu yake, na pensheni hulipwa kuanzia miaka 60. Mpango ni mzuri kwenye karatasi, lakini waliojiunga ni sehemu ndogo tu ya wale uliokusudiwa.

Sababu mojawapo ni kwamba pensheni ya Mthai imekuwa siku zote mtoto wake. Neno *bunkhun* hutaja deni la fadhila ambalo mtu analo kwa waliomlea, na kijana anayetuma baht 2,000 nyumbani kila mwezi hajihesabu kuwa anatoa sadaka, anajihesabu kuwa analipa. Kwa mtazamo huo ada ya shule iliyolipwa kwa kuweka mkufu rehani ni akiba iliyohamishwa kutoka shingoni kwenda kichwani mwa mtoto. Shida ni kwamba watoto wenyewe wamepungua: tangu mwaka 2021 vifo nchini Thailand vimezidi vizazi, na mwaka 2024 walizaliwa watoto pungufu ya 500,000 katika nchi yenye watu milioni 66 ambayo mmoja kati ya watano amefikisha miaka 60.

Ndipo mwaka 2024 Wizara ya Fedha ilipokuja na wazo ambalo nchi nyingine zingelicheka. Wathai hununua tiketi ya bahati nasibu ya serikali, inayouzwa baht 80 na kuchezeshwa tarehe 1 na 16 ya kila mwezi, kwa uaminifu ambao hakuna benki iliyowahi kuupata. Wizara ikapendekeza bahati nasibu ya uzeeni: tiketi ya kidijitali ya baht 50, droo kila Ijumaa, na zawadi kubwa ya baht milioni 1. Anayeshinda huchukua zawadi yake papo hapo. Anayeshindwa hapotezi kitu, kwa kuwa baht 50 zake hubaki kwa jina lake, na hawezi kuzigusa mpaka atimize miaka 60, hata mwezi wa Mei.