Je, wajua kwa nini wahalifu huvamia kituo cha polisi badala ya kukikimbia?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kituo cha polisi ndicho mahali ambapo mwenye nia mbaya hawezi kuthubutu kukanyaga, hasa usiku. Hata hivyo, nchini Tanzania vituo vilivamiwa zaidi ya mara moja katika kipindi kifupi. Septemba 2014 kilivamiwa kituo cha Ushirombo wilayani Bukombe, mkoani Geita, na askari wawili wakauawa. Januari 2015 askari wengine wawili waliuawa katika kituo cha Ikwiriri, wilayani Rufiji. Usiku wa Julai 12 mwaka huohuo ikawa zamu ya Stakishari, Ukonga, ndani ya Jiji la Dar es Salaam, ambako watu saba walipoteza maisha, wakiwemo askari wanne na raia waliokuwa kituoni.

Katika matukio yote matatu wavamizi waliondoka na bunduki, na hapo ndipo jibu la swali letu lilipo.

Raia wa Tanzania anayetaka kumiliki silaha hulazimika kuomba kibali, kuchunguzwa mwenendo wake na kusajiliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na sheria iliyoitangulia. Hata akikubaliwa, atapata bastola, bunduki ya kuwindia au ya kulinda mali yake, lakini si ile bunduki ya kivita ambayo askari wenyewe huiita SMG, yenye magazini ya risasi 30. Silaha ya namna hiyo haiuzwi dukani. Kwa mtu anayepanga uporaji mkubwa, zilipo silaha hizo karibu naye ni katika ghala la kituo na mabegani mwa askari walio kwenye zamu. Siku chache baada ya uvamizi wa Stakishari, Jeshi la Polisi lilitangaza kwamba baadhi ya silaha zilikutwa zimefukiwa ardhini wilayani Mkuranga. Mtu hafukii bunduki asiyokusudia kuirudia. Kwa hiyo waliouawa usiku ule waliuawa kwa ajili ya uhalifu ambao ulikuwa bado haujatendeka.

Lakini kituo si kina ulinzi? Kina ulinzi, ila kazi yake yenyewe inakidai kiwe wazi. Chukua kituo kidogo cha pembezoni saa nane ya usiku, ambapo kaunta huweza kuwa na askari wawili au watatu tu. Anaingia mtu aliyepigwa, damu inamtiririka usoni, ameshikwa mkono na ndugu zake wawili, naye anahitaji PF3, yaani fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, ili aende nayo hospitali kutibiwa. Askari aliye kaunta anapaswa kumsikiliza, kuandika maelezo yake kwenye kitabu na kumjazia fomu, maana yake ainamishe kichwa na mkono wake wa kulia ushike kalamu. Hawezi kumpekua kila mwenye shida kabla ya kumhudumia, wala hawezi kumfungia mlango mama aliyekuja kutoa taarifa ya mtoto aliyepotea. Kwa maoni yangu, hii ndiyo hatari ya kazi ya polisi isiyozungumzwa vya kutosha: tunamwazia askari akiwakimbiza majambazi, ilhali anaweza kuuawa akiwa ameinamia karatasi ya mtu anayeomba msaada.

Hatari ya pili inafanana na hiyo, nayo imo katika kubadilishana lindo. Ulinzi wa benki au wa kizuizi cha barabarani huenda kwa saa maalumu: gari linawaleta wanaoingia na kuwachukua wanaotoka, kwa njia ileile, karibu wakati uleule. Anayetazama kwa siku chache hujua ratiba nzima bila kumuuliza mtu yeyote. Agosti 2016 askari wanne waliuawa Mbande, pembezoni mwa Dar es Salaam, walipokuwa wakifika benki kubadilishana lindo. Aprili 13, 2017, majira ya jioni, gari la askari waliokuwa wakirejea kutoka lindoni lilishambuliwa wilayani Kibiti, mkoani Pwani, na askari wanane wakauawa kwa mara moja. Huko pia silaha zao zilichukuliwa. Wakati wa kubadilishana lindo askari wanakuwa wamekusanyika ndani ya gari moja, wanaotoka wamechoka kwa kukesha au kushinda juani, wanaoingia bado hawajashika nafasi zao, na bunduki zote ziko pamoja.

Baada ya Kibiti hatua kali zilichukuliwa, ikiwemo kupiga marufuku pikipiki kutembea usiku katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, kwa kuwa pikipiki humwezesha mshambuliaji kupiga na kutokomea kwenye njia za vichakani ambazo gari haliwezi kupita. Wakazi waliumia kwa amri hiyo, hususan vijana wa bodaboda na wagonjwa waliohitaji usafiri usiku, na ni haki kulisema hilo pia.

Kwa upande wa lindo kuna mengi yanayoweza kurekebishwa. Saa za kubadilishana zinaweza kuhamishwahamishwa, gari linaweza kupita njia tofauti kila siku, na wanaotoka wanaweza kubaki kwenye nafasi zao hadi wenzao wajipange. Ghala la silaha nalo linaweza kuondolewa katika vituo vidogo, bunduki zikahifadhiwa makao ya wilaya. Kaunta ndiyo ngumu kuliko vyote, kwa sababu saa nane ya usiku mtu mwenye jeraha atafika tena, na askari aliye zamu atavuta kiti, atafungua kitabu na kumwuliza jina lake.