Nanasi Bichi Halishindwi kwa Kijiko cha Pili cha Jelatini

Nimetumiwa tena picha ya keki iliyogeuka mchuzi. Kitako cha biskuti kimelowa, krimu imelegea, na juu yake, mahali palipostahili kuwa na tabaka la juisi linalong'aa kama kioo, kuna dimbwi la rangi ya manjano. Picha iliambatana na maelezo ambayo sasa ninaweza kuyakariri kabla sijayasoma: jelatini, ule unga wa kugandishia, ilikuwa mbovu, basi akaongeza kijiko cha pili, ikakataa, akaongeza cha tatu, ikakataa kabisa, na sasa anaomba nimtajie jelatini iliyo bora. Niliuliza swali moja tu, kama juisi ilikuwa ya nanasi na kama alilikamua mwenyewe. Jibu likawa ndiyo, tena kwa fahari, kwa kuwa alitaka keki yake iwe ya matunda halisi.

Jelatini haikuwa mbovu. Iliganda, au ilijaribu kuganda, kisha ikaliwa.

Jelatini ni protini. Hutokana na kolajeni ya ngozi na mifupa ya wanyama, na ikiyeyushwa katika kimiminika cha moto nyuzinyuzi zake huachana, kisha kimiminika kikipoa hushikana upya na kufanya wavu unaoyazuia maji yasitiririke. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, papai lina papaini, nayo kiwi, tini na tangawizi vina vimeng'enya vyao, na kazi ya hivi vyote ni moja, kuzikata protini vipande vipande. Mtu yeyote aliyewahi kupaka papai bichi kwenye nyama ngumu ili ilainike anaijua kazi hii kwa vitendo, isipokuwa hajapata kujiuliza nini kitatokea papai hilo hilo likikutanishwa na protini ambayo tayari imelainishwa na kusagwa kuwa unga. Kimeng'enya hakiishi kwa kufanya kazi: kikimaliza kukata uzi mmoja huhamia mwingine. Ndiyo maana kuongeza jelatini ndani ya juisi ya namna hiyo ni kuteka maji kwa pakacha. Utachelewesha mambo kwa muda, na kama umeongeza nyingi mno utaona keki imeshika jioni, ukalala na matumaini, ukaamka na mchuzi.

Ninaposema nanasi bichi ninakusudia lisilopikwa, wala sisemi lisiloiva. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili, na nimeshajibiwa mara kadhaa kwamba nanasi lililotumika lilikuwa limeiva vizuri na linanukia. Nanasi lililoiva na kunukia lina bromelaini ya kutosha kabisa kuiharibu keki yako.

Imani kwamba kosa ni la jelatini haifi kwa sababu ina ushahidi wa uongo unaoipa nguvu kila siku. Mtu hutengeneza keki kwa juisi ya pakiti, inaganda. Wiki inayofuata anatengeneza kwa nanasi alilolikamua, haigandi, na kwa kuwa kitu pekee alichobadilisha machoni pake ni pakiti ya jelatini, lawama inaangukia hapo. Juisi ya pakiti kwa kawaida imepashwa moto kiwandani ili isiharibike, na nanasi la kopo limepikwa ndani ya kopo, hivyo vimeng'enya vyake vilikwisha kufa kabla hujafungua. Tunda ni lile lile, na jelatini ni ile ile.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera zaidi, yaani tofauti kati ya kupasha na kuchemsha. Nikishaeleza habari za vimeng'enya, msikilizaji hukubali, huenda kuipasha juisi mpaka iwe vuguvugu, huchanganya, na keki inakataa vile vile. Kisha huja kuniambia kwamba nadharia yangu haina msingi. Bromelaini hufanya kazi kwa bidii kubwa zaidi katika joto la takriban nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Kwa maneno mengine, ukiipasha juisi ya nanasi hadi kidole kinaanza kuona moto, kisha ukaitia jelatini, umekiwekea kimeng'enya hicho mazingira bora kuliko ambayo kingeyapata ndani ya tunda lenyewe. Juisi lazima ichemke. Mimi huiacha itokote polepole kwa dakika 5 nzima, nikihesabu tangu inapoanza kububujika katikati ya sufuria, kwa kuwa mapovu machache ya pembeni hayatoshi. Juisi ya papai huipa dakika 10, kwa sababu papaini huvumilia joto kuliko bromelaini na sitaki kubahatisha. Povu linalopanda juu huenguliwa, juisi huchujwa, huachwa ipoe kiasi, ndipo jelatini iliyoloweshwa huingia.

Kugandisha kwenye friza hakusaidii. Baridi hukilaza kimeng'enya, haikiui, na kitaamka mara tu keki itakapoanza kuyeyuka mezani. Nimeulizwa swali hili mara nyingi mno, na sina zaidi la kusema juu yake.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake na afanye jaribio la kikombe. Gandisha jelatini na maji matupu yenye sukari kidogo katika vikombe viwili, kisha weka juu ya kimoja kipande chembamba cha nanasi bichi na juu ya kingine kipande cha nanasi la kopo. Baada ya saa moja au mbili, kile kipande kibichi huwa kimeanza kujichimbia shimo, kingo zake zimezungukwa na maji, na ukiinamisha kikombe kinateleza pamoja na maji yake; cha kopo kimekaa palepale kama kigingi. Hili hubeba jibu la swali jingine pia, la wale wanaochemsha juisi vizuri kisha wakapamba keki kwa vipande vibichi vya kiwi usiku wa kuamkia karamu.

Sisemi haya kama mtu asiyekosea. Msimu mmoja wa joto nilichemsha juisi ya nanasi kwa uangalifu wote, nikaiacha ipoe, nikaona ladha imepungua ukali, nikakamua ndani yake tangawizi mbichi. Kesho yake nilikuwa na keki kubwa yenye tabaka la juu la kuchota kwa kijiko. Nilimlaumu muuza jelatini kwa muda wa nusu saa hivi, mimi ninayewafundisha wengine, kabla sijakumbuka kwamba tangawizi nayo ni mkataji wa protini. Tangu siku hiyo tangawizi huingia sufuriani mwanzoni, pamoja na juisi.

Vipimo vyangu vya keki ya chombo cha sentimita 20 chenye kitako kinachotoka ni hivi. Biskuti gramu 200 husagwa na kuchanganywa na siagi iliyoyeyushwa gramu 100, zikashindiliwa kwa kitako cha glasi, zikawekwa kwenye friji nusu saa. Tabaka la kati ni jibini laini gramu 250, sukari gramu 80, juisi iliyochemshwa na kupoa mililita 150, krimu iliyopigwa mililita 200, na jelatini gramu 8. Tabaka la juu ni juisi mililita 300, sukari vijiko viwili, na jelatini gramu 7. Jelatini ya unga huloweshwa katika maji baridi, yaani maji mara sita ya uzito wake, kwa dakika 10 hadi ivimbe yote, kisha huyeyushwa kwa moto mdogo bila kuchemka. Tabaka la juu humiminwa likiwa limepoa kabisa lakini halijaanza kushika, juu ya mgongo wa kijiko ili lisichimbe krimu. Baada ya hapo keki hukaa kwenye friji saa 6 au usiku kucha. Mwenye masharti ya dini au ya lishe na asome kwanza pakiti inasema jelatini imetokana na mnyama gani.

Gramu hizo, hata hivyo, si za kuapia. Nguvu ya jelatini hupimwa kwa kipimo kiitwacho Bloom, na pakiti nyingi za jikoni hazikiandiki, kwa hiyo gramu 7 za pakiti moja zinaweza kuwa ngumu kama mpira na gramu 7 za nyingine zikatetemeka kisu kikikaribia. Juisi kali kama ya pasheni au ndimu nayo huudhoofisha wavu kidogo kwa uchachu wake, na hapo ndipo pekee ambapo kuongeza gramu moja au mbili ni dawa halali. Ninapofungua pakiti ngeni hugandisha kwanza kijiko cha mchanganyiko kwenye kisahani. Embe ndilo linalonisumbua zaidi: mara nyingi huganda bila matatizo, na mara nyingine, kwa vipimo vile vile, hutoka laini kupita nilivyokusudia. Huwa ninalichemsha, nikijua kabisa kwamba ninaipoteza ile harufu ya embe lililomenywa sasa hivi. Hiyo ndiyo hasara ambayo mapishi hayaitaji: juisi iliyochemshwa haina uchangamfu wa juisi mbichi, na matone ya ndimu mwishoni huirudisha sehemu tu.

Asiyetaka kuipoteza ladha hiyo ana njia ya pili, nayo ni agari. Agari hutokana na mwani, ni kabohaidreti, na mkataji wa protini hana la kuikata. Nanasi bichi, papai bichi, kiwi, vyote huganda. Agari lakini ina tabia zake. Ni lazima ichemshwe, gramu 4 hadi 5 kwa jumla ya nusu lita, dakika 2 au 3 za kutokota. Na ichemshwe katika maji matupu, sehemu ndogo ya ujazo wote, kwa kuwa uchachu wa juisi pamoja na moto huivunja nguvu. Kisha huanza kushika ikiwa bado ina joto la nyuzi 35 hadi 40, kwa hiyo anayeimiminia juisi iliyotoka kwenye friji hupata mabonge yanayofanana na mayai yaliyovurugwa. Juisi iwe vuguvugu, na hapa vuguvugu ni sahihi, kwa kuwa hakuna protini ya kulindwa. Isipokuwa ipo: chini ya tabaka hilo kuna krimu yenye jibini. Juisi mbichi ya nanasi ikikaa juu ya maziwa kwa saa kadhaa huanza kuzikata protini za maziwa pia, na hapo hutokea uchungu ambao wengi huudhania kuwa krimu iliyoharibika. Kwa sababu hiyo, keki yangu ya agari na nanasi bichi huwa na tabaka mbili tu, biskuti na juisi, au huliwa siku ile ile.

Katika joto kali agari ina faida nyingine. Jelatini huyeyuka kwenye nyuzi 30 hadi 35, ndiyo maana huyeyukia mdomoni kwa namna ya kupendeza, na ndiyo maana pia keki yake hutoka jasho mezani kabla hotuba hazijaisha. Agari iliyoshika haiyeyuki hadi ifike karibu nyuzi 85. Hata hivyo hukatika kwa kumeguka, haina ule ulaini, na mimi binafsi nikiwa na friji karibu huchagua jelatini.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa konflawa. Juisi hupikwa nayo mpaka iwe nzito, humiminwa juu ya biskuti, hupoa, hukatwa. Ni njia nzuri, rahisi kuliko zote, na kwa kuwa juisi imechemka vimeng'enya havina nafasi. Ladha yake ni ya uji mtamu, na mwenye kuupenda uji huo hana haja ya kunisoma.

Nirudi kwa mwenye ile picha, aliyetaka kujua kama keki yake inaokoleka. Tabaka la juu linaokoleka: limiminwe sufuriani, lichemshwe dakika 5, lichujwe, lipozwe, litiwe jelatini mpya kwa kipimo kamili, kwa sababu ile ya kwanza imekwisha kukatwa na haitashikana tena kwa namna yoyote. Tabaka la krimu lililochanganywa na juisi mbichi haliokoleki, maana halichemsheki. Nilimshauri alionje, kama bado halijawa chungu, alichote kwenye glasi pamoja na vile vijiko vitatu vya jelatini na lile biskuti lililolowa, walile leo hii, na asiwaambie wageni kwamba ilikusudiwa kuwa keki.