Je, wajua kwa nini paka mpya anatoroka kurudi alikotoka, hata ukimleta kwenye kiroba?

Huku Mbeya mtu akienda kuchukua paka kwa shangazi yake, cha kwanza anapewa kiroba, paka anatumbukizwa humo, mdomo wa kiroba unafungwa kamba, eti asione njia asije akarudi. Unapanda nae bajaji toka Sae mpaka Mwanjelwa, analia njia nzima, unafika unamwachia sebuleni, asubuhi hayupo. Baadae shangazi anapiga simu, "mwanangu, nyau wako kalala hapa jikoni".

Kiroba kimeshindwa, na kitashindwa kila siku, maana paka hasomi njia kwa macho peke yake. Mwaka 1922 huko Marekani bwana mmoja, Francis Herrick, aliandika majaribio yake ya paka jike aliyekuwa ananyonyesha, alikuwa anamtoa kwa watoto wake anampeleka kilomita kadhaa anamwacha huko, na mama huyo anarudi kwa wanae. Halafu kuna paka Holly wa Florida, huko huko Marekani, alipotelea Daytona Beach mwezi wa 11 mwaka 2012, baada ya kama miezi miwili akaonekana West Palm Beach, mji wa kwao, kilomita zaidi ya 300, kakonda na kucha zimesagika. Wanasayansi wanabishana mpaka leo anajuaje njia, ila wapo paka wanaorudi kweli.

Swali lenyewe hasa ni kwa nini anataka kurudi wakati umemnunulia mpaka dagaa. Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, na ndugu zake hao bado wapo hapa hapa Tanzania. Paka pori anaishi peke yake kwenye eneo lake, akitolewa pale hana mawindo, hana maficho, na yuko kwenye himaya ya mwingine anayeweza kumrarua. Kwa hiyo kwa paka wako nyumba mpya sio nyumba nzuri au mbaya, ni eneo la mwingine. Na anajua sio lake kwa harufu. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kwenye paji la uso, chini ya nyayo na karibu na mkia, ukiona anajisugua kwenye mguu wa meza sio mapenzi tu, anapaka alama yake. Kule kwa shangazi kila kona inanukia yeye, kwako hakuna hata sehemu moja, ndo maana anaingia uvunguni au anatafuta dirisha.

Ukishaelewa hilo utajua kazi yako sio kumpoteza njia, kazi yako ni kuifanya nyumba inukie yeye. Siku ya kumchukua omba kitambaa au kipande cha gunia alichokuwa analalia, na ukome kukifua hata kama kinakera. Mbebe kwenye boksi lenye matundu au tenga la kuku, kiroba kinambana pumzi na kumtia hofu ya bure. Ukifika mpe chumba kimoja, sio nyumba nzima, weka kitambaa chake, maji, chakula, na mbali kidogo na chakula weka beseni la kujisaidia. Hapa sisi wa Nyanda za Juu tuna bahati, maranda yamejaa kwenye karakana za mbao, Mafinga ndo usiseme, weka maranda au mchanga mkavu, mavi utoe kila siku. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo, kuna kidudu cha toksoplazma kwenye mavi ya paka. Na kabla hujamwachia angalia dari, silingibodi ikiwa na tundu la ngumi atapita, halafu mtaanza kumwita nyumba nzima mmenyoosha shingo juu.

Akijificha mwache. Usimvute mguu, usiite watoto wa jirani waje kumuona. Kaa chini sakafuni, ongea kwa sauti ya chini, au pitia simu yako tu, yeye mwenyewe atakuja kunusa. Kitambaa laini mpanguse nacho mashavuni akishakubali kuguswa, kisha kipitishe kwenye miguu ya viti na kona za milango usawa wa kichwa chake, yaani unamsaidia kupaka alama. Siku hizo acha kudeki na dawa kali, maana unafuta kazi yote. Kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8 baridi la huku mnalijua, mwekee blanketi kuukuu ndani ya boksi, ila usimfungie chumbani na jiko la mkaa, hewa yake ya sumu inaua paka kama inavyoua mtu. Kama ni mtoto usimchukue kabla hajafikisha wiki 8.

Wengi tunachukua paka kwa ajili ya panya wanaomaliza mahindi stoo, na kuna imani kwamba ukimlisha hawindi. Sio kweli, hamu ya kuwinda na njaa ni vitu viwili tofauti, paka aliyeshiba anaua panya vizuri tu, ila mwenye njaa ndo anaerudi kwa shangazi. Mpe usipa wa Kyela au dagaa wowote waliochemshwa bila chumvi, utumbo wa kuku, nyama. Ugali mtupu haumtoshi, mwili wake unahitaji kirutubisho kinaitwa taurini ambacho kipo kwenye nyama na samaki, akikikosa muda mrefu macho na moyo vinaharibika. Maziwa ya Tukuyu kunyweni wenyewe, paka wengi wakubwa wanaharisha. Asipokula siku nzima mpigie daktari wa mifugo, usisubiri ya tatu, ini la paka linaharibika haraka akikaa na njaa.

Sumu ya panya itoe kabla hajaingia, akila panya aliyekula sumu na yeye anaenda. Panadol hapana kabisa, hata kipande. Na viroboto usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe au mbwa, nyingi zina permethrini au ndugu zake, dawa zilizoigwa kutoka kwenye pareto inayolimwa huku kwetu, mbwa anazivumilia, paka zinaweza kumuua. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifikisha miezi 3.

Mfungie ndani kama wiki 3 hivi. Siku ya kumtoa mtoe kabla hajala, jioni jioni, mlango uwe wazi, ukigonga sahani arudi kula. Na kama pamoja na yote hayo ameibukia kwa shangazi, mwambie asimpe hata kichwa cha dagaa wala asimpapase, mfuate siku hiyo hiyo na boksi lako, umrudishe kwenye kile chumba muanze upya.