Mbwa ametoka operesheni, sasa hataki kutulia

Siku ya kwanza baada ya operesheni hakuna anayenipigia simu kulalamika. Mbwa amelala, akisimama anayumba, dawa ya usingizi bado inamtoka, na mwenyewe anaogopa hata kumgusa. Simu zinaanza siku ya tatu ya nne hivi, "Daktari, huyu ashapona! Anataka kuruka geti!" Basi hapo ndipo mimi naanza kuwa na wasiwasi.

Hajapona bana. Dawa ya maumivu imefanya kazi yake, basi. Mbwa hajui kama amepasuliwa, anachojua ni kwamba jana alikuwa anaumwa na leo haumwi, kwa hivyo twende. Jike tukimfunga kizazi tunashona tabaka kwa tabaka, na ile ngozi unayoiona wewe ni ya juu tu, kinachozuia matumbo ni ule ukuta wa ndani. Ngozi inashikana kwa siku 10 hadi 14, ndio maana nyuzi tunazitoa wakati huo, lakini kule ndani kazi inaendelea wiki kadhaa zaidi. Akiruka kutoka kwenye kochi, akipanda ngazi mbio, mshono wa ndani ukiachia, matumbo yanaweza kushuka mpaka chini ya ngozi, au nje kabisa, na hiyo ni operesheni ya pili tena ya usiku. Hata usipoachia, nyama na ngozi zikisuguana kila saa maji yanajaa pale katikati na unaona uvimbe laini. Mwenye mfupa uliovunjika au aliyefanyiwa operesheni ya goti, huyo ni wiki 6 mpaka 8, maana chuma tulichoweka hakiwi mfupa, kinaushika tu mpaka uunge, na kikipigwapigwa kinapinda ama skrubu zinang'oka.

Sasa dawa ya wengi hapa kwetu ni mnyororo. Anafungwa pale bandani karibu na geti, watu wanasema si ametulia, haendi popote. Kaa pale nusu saa uangalie. Tuktuk inapita, anaruka. Paka anatembea juu ya ukuta pole pole kabisa, wale paka wetu wa Mombasa wanajua mnyororo unafika wapi, anaruka tena. Kunguru wawili wanakuja kuiba chakula kwenye bakuli, mmoja anamvuta mkia mwenzake anakula, hapo ndio anapagawa kabisa. Na kila akiruka mnyororo unamkata anarudi nyuma kwa kishindo, tumbo linajinyonga, mshono unavutwa. Kumfunga na kumtuliza ni vitu viwili tofauti, na mnyororo unakupa kimoja tu.

Kwa hivyo kitu cha kwanza ni kumuondoa machoni pa barabara. Najua nyumba nyingi mbwa haingii ndani, iwe kwa sababu ya dini au mazoea tu, na sikulazimishi. Stoo ya nyuma inatosha, au kipembe cha veranda ukiziba na mbao mpaka juu ya macho yake, halafu utundike shuka kuukuu au kanga asione wanaopita. Feni iwashwe, inasaidia mara mbili, kwa joto na kwa kelele. Hii ya joto msiichukulie rahisi, hasa wakati wa kaskazi, mbwa anapoa kwa kuhema na mbwa aliyefungiwa chumba kisicho na hewa atahema usiku kucha na hatalala, na asipolala hatulii. Maji yawepo muda wote. Chini kama ni taili weka mpira ule wa mlangoni au kapeti yenye mpira chini, mkeka hapana, mkeka wenyewe unateleza juu ya taili na mguu wa goti ukiteleza upande umeharibu kila kitu.

Halafu kichwa chake kipe kazi. Hapa ndipo watu hawaniamini mpaka wajaribu. Mbwa aliyezoea kuzunguka uwanja usiku mzima hawezi kukaa stoo bila shughuli, atatafuta shughuli mwenyewe na shughuli ya karibu zaidi ni mshono wake. Bakuli liweke pembeni kwa hizo wiki mbili, chakula chake chote akipate kwa kukitafuta. Chukua supu ya mifupa uliyopika bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, na saumu pia), toa mifupa yote maana mfupa uliopikwa unavunjika vipande vikali, mimina kwenye kopo dogo zito pamoja na ugali kidogo na omena, weka freza mpaka asubuhi. Mpe hivyo hivyo ikiwa barafu. Atalilamba amelala chini kopo liko katikati ya mikono, na utaona dakika chache zikipita masikio yanashuka, pumzi inapungua, kulamba kwenyewe kunamtuliza. Chakula kingine kikunje ndani ya taulo kuukuu akifunue kwa pua. Kunusa kunamchosha mbwa kwa namna ambayo watu hawatarajii, na hakuna mshono unaovutika kwa kunusa.

Kukojoa anatoka na kamba fupi, dakika 5 mpaka 10, mchana na usiku, hata kama uwanja wako una ukuta. Ukimwachia "akojoe tu" paka atakuwa pale, wallahi. Na ongea na soja wako! Wewe unaweza kufanya yote haya halafu saa tatu usiku soja anamfungulia kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoandikiwa. Mwambie mwenyewe, mdomo kwa mdomo, na umwambie mpaka tarehe gani.

Dawa sasa. Panadol, Brufen, diclofenac, hizo za kwenye droo yako usimpe hata nusu, zinaharibu maini, figo na tumbo la mbwa. Piriton pia naulizwa sana, ati alale. Wengine wanasinzia kidogo, wengine wanazidi kuhangaika, huo si mpango. Kama mbwa wako ni wa moto kweli kweli tuambie kabla ya operesheni, kuna dawa za kutuliza tunazopanga kwa uzito wake, kama trazodone au gabapentin, na kumaliza ile ya maumivu kama tulivyoandika ni lazima. Akitapika au choo kikawa cheusi kama lami, simamisha ile dawa upige simu siku hiyo hiyo.

Wengi wananiuliza watajuaje kama analia kwa maumivu au amechoka kukaa. Mwangalie. Wa kuchoka anabweka akikutazama wewe, ukisogea ananyamaza, mkia unacheza, ameshaiba ndara yako. Wa maumivu hakutazami. Amejikunja mgongo, anatetemeka, anahema hata kukiwa na baridi ya kusi, anataka kulala anashindwa anasimama tena, chakula hataki. Huyo wa pili usimpe kopo la supu, mlete.

Koni ya shingoni isitolewe kwa huruma. Analala nayo, anakula nayo, ukubwa ukiwa sawa atazoea. Mshono ukilambwa unaloa, na mshono unaoloa kwa joto letu hili nzi wanaufikia haraka sana, mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja na unakuta funza. Angalia mshono asubuhi na jioni, uwe mkavu, na usimuogeshe.

Nyuzi zikitoka si kwamba geti linafunguliwa siku hiyo. Kamba inabaki, matembezi yanaongezwa pole pole, dakika 10 leo, 15 wiki ijayo, ngazi baadaye, kukimbia na mbwa wenzake mwisho. Bahari msubiri mpaka kidonda kizibe kabisa. Na wenye goti, ule mchanga laini wa Nyali na Bamburi unazama mguu na kuvuta msuli kuliko lami, kwa hivyo huko mnaenda baada ya eksirei ya mwisho, na siku za mwanzo tembeeni pale karibu na maji ambapo mchanga ni mgumu.